Kionjo cha Nyumba ya Mwisho

Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ile imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kukaa mahali bila kutaka kujua sheria ya pale inasemaje. Kwa hiyo nilipofika katika Nchi ya Tuta sikuuliza chakula wala malazi. Niliuliza sheria. Nikaelezwa, nikaelezwa tena, na kadiri nilivyoelezwa ndivyo kichwa kilivyozidi kuniuma. Ninayoyasimulia hapa ni yale niliyoyaona. Kuyaelewa ni jambo jingine, na mtu asije kunidai.

Nilifikaje huko si muhimu. Muhimu ni kwamba Tuta ni nchi ndogo kuliko punje ya ufuta, nayo imo ndani ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, wala tumbo la mama yake halijaanza kuonekana. Wenyeji wanalijua hilo na hawaoni ajabu. Wanajua pia kwamba mbele yao kuna njia mbili tu. Msimu ukienda hivi, Tuta linakuwa korodani. Ukienda vile, linakuwa ovari. Mwanzoni mwa msimu huwezi kutofautisha hata ukivaa miwani: nyumba ni zile zile, watu ni wale wale, na kila mmoja ana cheo kimoja.

"Wewe ni nani hapa?" nilimuuliza wa kwanza niliyekutana naye njiani.

"Mimi ni Bado," akajibu, tena kwa fahari.

Nilidhani ananikejeli, nikamkunjia uso. Kumbe ndicho cheo chenyewe. Mkaazi wa Tuta ni Bado mpaka atakapofanywa kitu kingine, na kujitangaza kabla ya hapo ni kosa.

Aliyenipokea kwake aliitwa Riziki, mwenye nyumba ya pili kutoka mwisho wa nchi. Hadi leo sijui kama nimwite bwana au bibi. Nilipomuuliza alicheka mpaka akashika mlango. "Mheshimiwa," akasema, "mambo hayo ndiyo kwanza yanapikwa." Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia, na tangu siku ya kwanza nilimpenda.

Riziki hakuwa Bado tena. Alikuwa mlezi. Walezi ndio wanaolifanya Tuta kuwa korodani, na kazi yao ni kulea mbegu. Mbegu hizo hutoka mbali sana, zinatembea zenyewe, na zikifika Tuta zimechoka hoi. Ndani ya kila moja wamelala watoto wa yule mtoto ambaye hajazaliwa, na wajukuu wake. Mlezi huipokea, huizunguka kwa mwili wake, kisha mafundi kutoka nchi ya jirani huja kumjengea ukuta. Mbegu isiyozungukwa na mtu haiishi.

Sasa nieleze desturi iliyonichanganya kuliko zote. Inaitwa kionjo. Kila nyumba ya Tuta ina jiko lenye vyungu viwili, na vyote viko motoni tangu mwanzo. Kimoja ni chungu cha walezi, uji wake mwekundu, mzito, wenye tangawizi. Cha pili ni chungu cha ng'ambo, kwa sababu ndicho kinachopikwa katika matuta yanayoelekea kuwa ovari, na uji wake ni mweupe wenye iliki. Chungu kimoja kikichemka, mvuke wake unazima moto wa kile cha pili. Basi nani anaamua kipi kichemke? Mwenye nyumba haamui. Anaamua jirani! Jirani aliyekwisha kuchemsha huchota bakuli la moto, hulipitisha juu ya ua, na kusema, "Onja." Ukionja uji mwekundu, chungu chako chekundu kinachemka, nawe unakuwa mlezi papo hapo, na bila kukaa chini unamchotea anayefuata. Huku kwetu wataalamu wa mimba wana jina refu kwa kionjo hicho, wanakiita kichocheo cha ukuaji. Riziki nilipomtajia jina hilo, aliuliza kama linanywewa moto au baridi.

"Yaani wewe huna kauli yoyote juu ya kuwa nani?" nilimuuliza.

"Ninayo, Mheshimiwa. Nasema asante."

"Halafu basi?"

"Halafu namrudishia bakuli, nalo lina uji wangu. Ananipa, nampa. Chungu kisichopata bakuli la jirani kinapoa, hata kama jana kilikuwa kinarusha povu."

Nikamuuliza bakuli la kwanza lilitoka wapi, maana kesi yoyote ina mwanzo. Akanieleza kwamba mwanzoni mwa msimu tarumbeta lililia katikati ya nchi. Lililia mara moja, kwa kifupi, kisha mpigaji akaondoka na hajaonekana tena. Waliokuwa karibu walisikia, na vyungu vyao vyekundu vikawa vya kwanza kuchemka. Wengine wote, kuanzia nyumba zinazofuata mpaka kwa Riziki, walifikiwa na mabakuli. Bakuli haliendi mbali. Likivuka ua mmoja bado lina moto. Ukilipitisha nyua nyingi linafika maji tu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tabu, na Tabu alikuwa bado ni Bado. Nilimkuta amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, na mapajani mwake amelala mbegu. Ilikuwa imefika yenyewe, imepita nyumba zote, ikamwangukia yeye. Tabu alikuwa ameifunika kwa viganja viwili kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuifunika. Vyungu vyake vyote viwili vilikuwa vinafuka moshi tu, hakuna kilichochemka.

"Inapumua?" nikamuuliza.

"Inapumua. Lakini inatetemeka." Alinitazama. "Msimu ukifunga nikiwa hivi, nitakuwa si huku wala si kule, mzee wangu. Mimi si kitu, nitajikalia. Ila huyu atakwenda wapi?"

Riziki alikuwa amesimama nyuma yangu na alisema angempelekea bakuli jioni ile ile, uji wake ukizidi kidogo kukolea. Nami nilidhani mambo yamekwisha. Lakini kabla ya jioni tuliitwa barazani.

Baraza la Tuta hukaa katikati ya nchi, mbele ya nyumba ya Sheha Mbaruku. Huyu Sheha alikuwa mmoja wa wale waliolisikia tarumbeta kwa masikio yao, na hakuna aliyepewa nafasi ya kulisahau hilo. Mlango wake umechongwa tarumbeta. Kofia yake imedariziwa tarumbeta. Hata mtungi wake wa maji una mdomo wa tarumbeta, na ukimimina, maji yanamwagika kote isipokuwa kikombeni. Alikuwa na sauti nene, nzuri, na alijua kuitumia.

"Ndugu zangu," alianza, "nchi hii inakwenda kuwa korodani. Korodani! Mnalipima neno hilo? Sasa inakuwaje nchi ya namna hiyo inazungukazunguka na mabakuli uani, onja jirani, nionjeshe jirani, kama watu walioishiwa chumvi? Sisi hatukufanywa na uji. Tulifanywa na Tarumbeta. Na Tarumbeta lililia mara moja tu, kwa sababu mlezi habembelezwi."

Watu walipiga makofi. Sheha akaendelea kusema kwamba hatari ni kubwa, maana nchi isiyokaza msuli huteleza tu yenyewe ikaishia ng'ambo, bila ya mtu kufanya lolote. Hapo akasimama mjumbe wa ng'ambo, aliyealikwa kwa heshima na kuketishwa mkekani pembeni.

"Samahani, Sheha," akasema kwa upole. "Na sisi tunaamka asubuhi kupika. Sijawahi kuona ovari iliyojipika yenyewe."

Aliambiwa akae, kwa sababu wageni hawana kauli. Mimi pia nilikuwa mgeni, nikakaa vizuri zaidi.

Sheha akataka wote waliolisikia tarumbeta wanyooshe mikono. Mikono ikapanda. Ilipanda ya waliokuwa karibu, ya waliokuwa mbali, na ya watu ambao, kwa hesabu yangu, siku ile walikuwa bado hawajahamia Tuta. Nilimgeukia jirani yangu wa kushoto, aliyekuwa ameinyoosha yake mpaka kwapa linaonekana, nikamwuliza tarumbeta lenyewe lililiaje.

"Kama tarumbeta," akanong'ona.

Riziki hakunyoosha. Alikuwa ameikalia mikono yake.

"Riziki wa kule mwisho," Sheha akasema, "wewe hukusikia?"

"Sikusikia, Sheha. Nilikuwa mbali. Niliona mkono wa jirani na bakuli."

Baraza zima likaangua kicheko. Nilikasirika, nakiri. Nimesikiliza mashahidi wa kila namna, na ningemwamini yule mmoja kuliko baraza zima. Lakini kicheko kilikwisha, sheria ikasomwa na kupitishwa kwa mikono ile ile. Aliyesikia tarumbeta ni mlezi halisi. Aliyeonjeshwa ni mlezi wa bakuli. Mlezi wa bakuli haruhusiwi kumwonjesha mtu mwingine yeyote, na akifanya hivyo atazimiwa jiko na kurudishwa kuwa Bado. Na mlezi halisi, kwa kuwa alisikia, hahitaji kuonja.

Niliirudia sheria hiyo kichwani njia nzima ya kurudi. Wenye ruhusa ya kutoa hawana wa kumpa, kwa kuwa wenzao wote walisikia na hawahitaji. Mwenye kuhitaji ni Tabu, na aliye karibu naye ni Riziki, ambaye haruhusiwi. Walio na ruhusa wako katikati, na bakuli lao haliwezi kufika likiwa moto. Nilirudi nyuma kumwuliza Sheha, hakimu kwa sheha, Tabu afanye nini.

"Asogee," akanijibu.

"Nyumba haisogei, Sheha, wala Tabu hawezi kuiacha mbegu."

"Basi angesikia."

Siku zilizofuata nchi ilinyamaza. Vyungu vilifunikwa. Nyuani, mahali ambapo mabakuli yalikuwa yakipishana na watu wakitaniana, palikuwa na walezi halisi waliosimama wima, kila mmoja akijisikiliza mwenyewe. Mafundi wa nchi jirani, ambao huvutwa na harufu ya tangawizi, walifika mpakani, wakavuta pua, wakavuta tena, wakatazamana na kugeuza. Kuta zilizokwisha kuanzwa zilibaki kimo cha goti. Nilimwuliza karani wa Sheha kama hilo halimtii wasiwasi. Alisema kuta ni jambo la nje, na kwamba ukuta wa kweli uko moyoni. Nikamwomba anionyeshe mbegu inayolala moyoni mwake, akasema ana kazi.

Riziki alianza kudhoofu. Hakusema, lakini niliona. Hakuna aliyempa bakuli, kwa hiyo chungu chake, kilichokuwa kikirusha povu, sasa kilitoa kiputo kimoja kimoja. Na kule pembeni, moto wa chungu cha ng'ambo ulikuwa umejiwasha mdogo. Nilihisi harufu ya iliki. Riziki naye aliihisi, akageuza uso.

Nikaona nifanye mimi. Mimi si mlezi wa bakuli, mimi ni mgeni, na sheria haikusema lolote juu ya mgeni kubeba uji. Nilikwenda katikati ya nchi, nikamshawishi karani anichotee bakuli la halali kutoka chungu cha mtu aliyesikia kweli. Lilikuwa la moto, mvuke unanipiga usoni. Nikaenda mbio kadiri miguu yangu inavyoruhusu, na ningefika, kama si mgambo wa Sheha.

Mgambo huyo alikuwa ameweka kizuizi karibu na nyumba za mwisho. "Unapeleka wapi hicho?"

"Kwa Tabu."

"Tabu alisikia?"

"Hakusikia. Ndiyo maana nampelekea."

"Basi hahitaji uji. Anahitaji tarumbeta."

Ningeweza kupita tu. Alikuwa kijana mpole na fimbo yake ilikuwa ya mgomba. Lakini nimesema nina ugonjwa. Nilisimama, nikaweka hoja. Nilimwonyesha kwamba sheria inamkataza mlezi wa bakuli kutoa, haimkatazi Bado kupokea. Akapinga. Nikamnukulia kifungu. Akasema kifungu hicho kinasomwa pamoja na kile kinachofuata. Nikamwonyesha kwamba hakuna kinachofuata. Akafikiri kwa muda mrefu sana, akavua kofia, akakubali kwamba nina haki, akaninyanyulia kizuizi na kunipigia saluti.

Tabu alipokea bakuli kwa mkono mmoja, maana wa pili haukuweza kuiachia mbegu. Akaonja. Akaonja tena. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shida.

"Asante, mzee wangu," akasema. "Ni mtamu. Ila umepoa."

Nilishinda kesi na nikampotezea mtu uji. Niliona aibu mpaka nikashindwa kukaa. Mbegu ilikuwa haitetemeki tena, na nilipoinama kuitazama, Tabu alisema hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Riziki alikuwa ametuona kutoka uani kwake. Udongo wa nchi ulikuwa umeanza kukauka, na hiyo ni dalili kwamba msimu unakaribia kufunga: ukikauka, kila mtu anabaki alivyo. Niliingia jikoni kwake nikamkuta amesimama mbele ya chungu, ameshika upawa. Uji mwekundu uliobaki ulikuwa kidogo, tena ulichemka upande mmoja tu.

"Nikimpa huu," akasema, "changu kinazimika. Na hakuna wa kunirudishia. Wenzangu wote walisikia."

"Na wakikuona watakuzimia jiko," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Alikuwa anajua.

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa sheria. Nimpe nisimpe?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kiti changu na sikuwahi kukosa la kujibu, hata kama ni la uongo. Siku ile nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Niliitaka mbegu ile iishi. Nilimtaka Riziki abaki kama alivyo. Na sheria ilikuwa sheria, imepigiwa kura, mikono nimeiona kwa macho yangu. Nilisimama pale na upumbavu wangu wote. Riziki alinisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akachota.

Alichota wote. Alitoka mlango wa mbele, mchana kweupe, bakuli mkononi bila kufunika. Mgambo alimwona. Alishika fimbo yake, akaiweka chini, akajifanya anafunga kiatu, na viatu vyenyewe hakuwa navyo. Riziki alivuka ua mmoja tu, ule uliokuwa kati yake na Tabu siku zote.

"Onja, jirani."

Tabu alionja. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha jikoni kwake kukasikika mlio, kama mtu anayekohoa kwa mbali, halafu chungu chekundu kikapanda kwa kishindo mpaka kikamwagikia mafiga. Moshi wa chungu cha pili ukakatika. Tabu alisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona amesimama, na sikujua kwamba ni mtu mrefu. Akainama, akaizunguka ile mbegu kwa kifua chake na mikono yake na magoti yake, na nikaiona inavuta pumzi, ikatetemeka, ikatulia. Nililia. Sina sababu ya kuficha.

Lakini Tabu hakukaa kufurahia. Huku mbegu imo kifuani, alinyoosha mkono akachota bakuli la kwanza la maisha yake, akamgeukia Riziki, aliyekuwa ameegemea ua, uso umempauka na nguo zake zimeanza kunuka iliki.

"Na wewe onja, jirani."

Riziki akaonja, na rangi ikamrudia. Nikaelewa kidogo, au nikadhani nimeelewa, jinsi nchi ile inavyosimama. Jioni mafundi walirudi kwa harufu. Walianza na ukuta wa Tabu, wakaunganisha na wa Riziki, wakaendelea kuelekea katikati ya nchi. Kwenye nyumba za tatu na za nne watu waliotangaza barazani kwamba walisikia tarumbeta walianza kutokeza vichwa juu ya ua, mmoja mmoja, wakiuliza kama kuna kilichobaki chunguni. Walipewa. Hakuna aliyewauliza walisikia nini.

Katikati ya nchi, hata hivyo, bado vyungu vilikuwa vimefunikwa. Huko waliishi wale waliosikia kweli, na aibu yao ilikuwa kubwa zaidi. Karani alikuja mwishoni mwa msimu akaniambia, huku akitazama kando, kwamba Sheha hatoki nje. Anafunika jiko lake kwa kitambaa ili wageni wasione ni chungu kipi kinachochemka. Anaanza hotuba na kuuliza alikuwa anasema nini. Jana yake alikuwa amekaa mbele ya mlango wake akipapasa ile michoro, akimwuliza karani kitu kile kinaitwaje.

Asubuhi iliyofuata Sheha Mbaruku alikuja mwenyewe nyumba ya mwisho. Nadhani alichagua ya mwisho kwa sababu hakuna mtu wa maana anayefika huko. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwa Tabu, nikaona kofia iliyodariziwa inakuja taratibu, imeshikwa mkononi.

"Nimekuja kukagua," akasema. Ile sauti nene haikuwepo. Ilikuwa sauti ya mtu anayeamka kutoka usingizini katika nyumba asiyoijua, na nguo zake zilinuka iliki tupu.

"Karibu, Sheha," Tabu akasema kutoka ndani.

Hakuingia. Alinigeukia mimi, macho yamemtoka. "Hakimu, mimi nilisikia. Nina hakika nilisikia. Wewe mtu wa ushahidi, niambie... lilikuwa linasema pee, au lilikuwa linasema paa?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa ajili ya mtu huyu. Nilikuwa nayo tangu siku ya baraza, nimeyapanga. Yote yalinitoka. Alikuwa hasemi uongo. Alisikia kweli, wa kwanza kuliko wote, na kusikia kwenyewe hakukumtosha.

"Sijui, Sheha," nikamwambia. "Mimi sikuwepo."

Udongo chini ya miguu yake ulikuwa umekauka, umebaki unyevu kwenye kivuli cha ukuta tu. Tabu alitoka. Mbegu ilikuwa kifuani pake, imelala, ukuta wa mafundi ukimfikia mabegani. Aliutoa mkono mmoja juu ya ukuta huo, na mkononi kulikuwa na bakuli linalofuka.

"Onja, Sheha."

Sheha alitazama nyuma kuona kama kuna anayemwona. Riziki alikuwa uani kwake akikwangua chungu, akageuza mgongo ili asimwone. Sheha akalishika bakuli kwa mikono miwili na kunywa bila kupumua, kama mtoto. Nilimtazama. Mgongo ulinyooka kwanza. Kisha mabega. Kutoka mbali, katikati ya nchi, tulisikia chungu kikipanda. Akalishusha bakuli likiwa tupu kabisa, akajifuta mdomo, akaivaa kofia yake vizuri, tarumbeta likitazama mbele. Sauti ilipomtoka, ilikuwa ile ile nene ya barazani.

"Nani," akasema, "amekuruhusu kupika?"

Nilisimama. Sikumbuki nilitaka kusema nini, nadhani nilitaka kumpiga. Riziki aliacha kukwangua. Tabu peke yake ndiye ambaye hakushtuka. Aliipanga mbegu vizuri kifuani, akautazama uso wa Sheha kwa makini, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa kuona kama homa imeshuka yote.

"Nikuongeze?" akauliza.

Sheha Mbaruku alinitazama mimi, akatazama njia aliyokuja nayo, kisha akanyoosha bakuli.